Wimbo Mmoja wa Murdo

Wimbo wa tatu ulipokwisha, aliyepiga makofi alikuwa mtu mmoja tu, naye alikuwa Khatib. Alipiga mpaka viganja vikamwasha, huku akiwatolea macho waliokaa karibu naye ili nao wapige. Hakuna aliyejali. Ukumbi mzima ulikuwa umegeukia upande wa masufuria.

"Mzee Khatib," Dahir alimnong'oneza. Dahir ndiye aliyekuwa mshereheshaji wa karamu ya Waswahili mwaka huu, na kipaza sauti hakikumtoka mkononi. "Huyu Mskochi wako ashuke sasa. Watu wako na njaa."

"Amebakiza mmoja."

"Si ulisema hivyo wimbo wa pili pia?"

"Basi leo nimesema mara mbili. Kaa chini, bwana."

Dahir akakaa, lakini alikaa ukingoni mwa kiti.

Jukwaani, Murdo alikuwa akikaza nyuzi za gitaa lake la besi. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, nywele nyeupe kazifunga kisogoni, na alisimama kama mtu aliyezoea kukaa nyuma ya wengine. Alianza ujanani huko kwao Scotland, katika mji wa Dundee, akipiga muziki wa roki na kuimba katika bendi iliyokuwa ikilala ndani ya gari lake la safari. Bendi ilipovunjika, akaja Birmingham kufanya kazi za studio. Mwimbaji akitaka besi, anaitwa Murdo. Akitaka sauti ya kumjazia kiitikio, anaitwa Murdo. Miaka arubaini alipiga na kuimba nyimbo za watu, jina lake likiandikwa kwa herufi za sisimizi au lisiandikwe kabisa. Redio za madukani kote Stratford Road zilikuwa na vidole vyake ndani, na hakuna muuza duka aliyemjua hata alipoingia kununua vitunguu.

Sasa vidole vile vilikuwa vimeanza kukakamaa. Siku moja, akinywa chai ya tangawizi jikoni kwa Khatib, jirani yake wa ukuta mmoja, alisema neno ambalo Khatib hakuweza kulisahau.

"Nimesikia kumbi kubwa zikiimba, Khatib. Hazijawahi kuimba wimbo wangu mimi. Ningesikia mara moja tu, ningeliweka gitaa chini kwa roho safi."

Khatib aliendesha basi katika mji huu mpaka akastaafu, na alijisifu kwamba hakuwahi kumwacha abiria kituoni.

"Niachie mimi," alisema. "Watauimba."

Wiki nzima alijaribu kuwafundisha wajukuu zake viitikio vya Murdo. Walimwelewa Kiswahili chake chote, wakamjibu kwa Kiingereza kwamba haiwezekani. Mkewe, Kijakazi, alicheka mpaka akashika meza.

"Wewe hata honi ya basi ulikuwa ukiipiga nje ya mahadhi, leo umekuwa mwalimu wa muziki?"

Na sasa nyimbo tatu zilikuwa zimepotea kama maji mchangani. Murdo aliinamia kipaza sauti. Uso ulikuwa umemwiva, lakini alitabasamu, maana alikuwa muungwana.

"Huu wa mwisho hauna hata maneno," alisema kwa Kiingereza chake cha kukwaruza. "Niliurekodi asubuhi moja, besi na sauti yangu tu, nikaiuzia kampuni fulani ya muziki. Sijausikia tena popote. Nadhani mimi ndiye mtu pekee anayeujua. Nikimaliza, kuleni pilau."

Akaanza. Besi ikatembea polepole, tum, tum-tum, na juu yake Murdo akaimba kwa mdomo uliofumbwa.

Kijakazi, aliyekuwa akipakua, aliganda na upawa hewani. Akauweka chini, akafuta mikono, akatoa miwani mkobani na kuivaa. Dahir alikaa wima, akasafisha koo, kama mtu anayekaribia kuulizwa jina lake kamili. Kule nyuma mama mmoja Mkongo aliwakemea wanawe.

"Munyamaze! Tutaikosa!"

Kisha meza moja ikaanza kuimba, midomo imefumbwa. Ikafuata ya pili. Wakaingia wapishi, wakaingia vijana waliokuwa mlangoni, wakaingia hata wale wajukuu wa Khatib. Ukumbi ukavuma kama mzinga wa nyuki. Hakuna aliyepotea, hakuna aliyetangulia. Khatib naye alijikuta anaimba, na hakukumbuka wimbo ule aliujulia wapi.

 Vidole vya Murdo viliendelea kupiga, lakini machozi yalikuwa yakimteremka waziwazi, na hakujaribu kuyafuta.

"Khatib!" aliita kutoka jukwaani. "Wanaujua! Wanaujua wote!"

"Si nilikwambia?" alijibu Khatib kwa fahari, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameduwaa.

Walipofika katikati ya mstari wa pili, ukumbi mzima ulikata ghafla, kama watu waliopatana. Murdo aliinua kichwa kwa mshangao. Wimbo wake haukuwa ukiishia pale.

Kisha wote kwa pamoja, Waunguja, Wakenya na Wakongo, wazee kwa vijana, wakatamka kwa Kiingereza laini ambacho hakikuwa cha yeyote kati yao:

"Simu yako ni muhimu kwetu. Wewe ni mgonjwa wa kumi na tisa kwenye foleni ya simu za zahanati. Tafadhali usikate."