Kombe la Punda

Zamani, wanyama walipokuwa wakishindania heshima tu, Punda alimpita Farasi kwenye matope akatuzwa kombe la shaba. Miaka ikaenda, magoti yakamwishia nguvu. Kila asubuhi alilipangusa kombe, akakumbuka vigelegele vya siku ile, kisha akalirudisha rafuni. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Siku moja akalikuta uani, vifaranga wa Bata wakilinywea maji.

"Jirani," akamwambia Bata, "hiyo ni tuzo. Si bakuli."

"Niwie radhi, mzee wangu, chungu changu kimepasuka. Lakini tuzo ni ya nini hasa?"

"Ni ya kumfanya mtu asisahaulike."

"Basi wasikilize hawa. Wameniuliza kombe ni la nani, nikawasimulia."

Punda akatega masikio. Kifaranga mmoja alikuwa akisema, "Farasi aliteleza, ndipo Babu Punda akampita." Mwenzake akabisha kwamba hakuteleza.

Miaka mingi Punda hakuwa amelisikia jina lake na mbio zile katika kinywa cha mwingine.

Akalichukua kombe. Vifaranga wakajikunyata kwa hofu. Akaenda nalo kisimani, akarudi limejaa pomoni, akaliweka katikati yao.

"Hakuteleza," akasema, akijilaza taratibu. "Sogeeni niwaeleze."