Toba Inayoaminika

Mamta alimaliza kusoma ukurasa wa mwisho, akasukuma kikombe chake cha chai mbali.

"Mwalimu, huyu mtu wako anatia kinyaa," alimwambia Wakoli.

Walikuwa katika chumba cha juu ya duka la nguo la familia ya Mamta, mjini Kitale, ambako alihariri miswada ya watu. Wakoli, mwalimu mpole wa makamo kutoka Kimilili, alikuwa akiandika hadithi ya mkuu wa shule aliyemnajisi mwanafunzi wake. Mwishoni mkuu huyo alipiga magoti, akalia, akasema ni shetani, na watu wote wakamsamehe.

"Lakini si ametubu, madam?"

"Amejihurumia tu. Hakuna msomaji atakayemwamini."

Akamweleza la kufanya. Amtoe shetani. Afute machozi. Mtu huyo aseme alichofanya kwa maneno ya kawaida, amtaje msichana kwa jina, na asiombe msamaha. Wakoli alisikiliza kwa makini, bila kukasirika. Mamta alilipenda hilo. Waandishi wengi walibishana naye.

Wakoli alirudi tena na tena. Kila mara mhusika alikuwa ameboreka, na bado Mamta alinawa mikono kila alipomaliza kusoma.

"Bado kuna kitu anakitaka," alisema siku moja. "Naisikia harufu yake."

Wakoli alifikiri. "Na wakimrudishia kazi, halafu akatae? Si hapo utamwamini?"

"Hapo nitamwamini."

Mswada wa mwisho ulimliza. Alijichukia kwa kumtolea machozi mtu mchafu kiasi hicho, lakini alijua kazi imekamilika. Wakoli alimshukuru sana, akamwalika Kimilili Jumapili. Mamta alidhani ni uzinduzi wa kitabu, akavaa vizuri.

Alikuta kanisa limejaa wazazi wa shule ya Wakoli. Hapakuwa na kitabu popote.

Wakoli alisimama mbele, akaanza kuzungumza. Hakumtaja shetani. Hakulia. Alisema alichofanya ofisini mwake, akalitaja jina la Nekoye, na kwenye benchi la nyuma msichana mmoja akainamisha kichwa hadi magotini. Mama yake alimfunika kwa leso.

Mamta alitaka kusimama aseme. Lakini maneno yale alikuwa ameyahariri yeye. Kando yake wanawake walikuwa wakipangusa macho.

"Huyu ametubu kweli," mmoja alinong'ona.

Mwenyekiti wa wazazi akamwomba mkuu wao arudi shuleni. Wakoli akakataa. Wakambembeleza. Akakataa tena, kwa upole, hadi kanisa zima likasimama kumsihi.

Ndipo akanyoosha mkono, akapokea funguo za bweni la wasichana.