Nani Alimuua Katekista

Jumatano ya Majivu umeme ulikatika mchana kweupe, mashine ya oksijeni kando ya kitanda cha Godelieve hospitalini ikanyamaza. Nyumbani kwa wakubwa wa hospitali jenereta zilinguruma kama kawaida.

Godelieve aliandika riwaya za mauaji, na hata paroko alizigombania. Kila sura alimsomea mumewe kwanza, mume akitwanga lituma ya ndizi na kubahatisha muuaji.

"Ni meya."

"Wewe! Kwako kila mukubwa iko muuaji!"

Sasa jasho liliyeyusha msalaba wa majivu kwenye kipaji cha uso wa Godelieve, mstari mweusi ukashuka hadi puani. Mumewe aliupangusa kwa kidole, kisha akauchora upya taratibu.

"Ile ya katekista," Godelieve akanong'ona, "imebakia sura moja. Nikuambie nani alimuua?"

Hakuwahi kumwambia kabla ya kuandika. Akikubali kulisikia jina hilo, mumewe atakuwa amekubali kwamba sura ya mwisho haitaandikwa.

"Ni askofu, monseigneur mwenyewe," mumewe akajaribu.

Godelieve akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Akaushika mkono wa mumewe.

"Bwana yangu, bon, nikuambie, ama utangoja niandike?"