Mtu Mwenye Kitambaa Cheupe

"Mama yangu weee! Inapanda tena! Jamani, si ilikuwa inashuka?"

Modesta alikuwa ameng'ang'ania mkono wa jirani yake kama mtoto anayechomwa sindano. Injini ilinguruma, pua ya ndege ikainuka. Mabati ya nyumba za Mazwi, pale Sumbawanga mjini, ambayo sasa hivi tu ungedhani unayagusa, yakarudi kuwa madogo kama vizibo vya soda. Halafu wingu likameza kila kitu.

"Niachie mkono, mwanangu, utaung'oa," alisema Mama Adela, muuza vitenge wa Majengo. "Ni mawingu tu. Rubani hakuiona njia. Atazunguka."

"Kwa hiyo ni kawaida?"

"Kawaida. Mwaka jana nilizungushwa mpaka nikatapika kwenye mkoba wa mke wa mchungaji."

Modesta akacheka mpaka machozi. Ndivyo alivyo huyo: hofu ikimzidi, anacheka. Tangu Dar mdomo wake haujafungwa. Ndege yake ya kwanza! Mama Adela alishajua yote: yuko mwaka wa pili chuoni, kiti cha dirishani kabembeleza mwenyewe, na ndege hii hii ikishusha abiria itampakia mama yake kwenye machela, warudi naye Dar. Moyo. Daktari kasema barabara itammaliza, na kulala tena Sumbawanga ni kubahatisha. Aondoke leo.

"Yuko uwanjani tayari, kwenye gari la wagonjwa," alisema Modesta. "Yuko na kaka yangu Adolfu, na baba. Huyo baba sasa! Asubuhi simu haziishi. Abebe uji kwenye chupa ya chai? Blanketi wanaruhusu? Haitawapita kama lile basi la Kasanga? Nami namjibu upuuzi tu, maana ningemjibu vizuri ningelia."

"Ungelia tu. Baba ni wako."

Ndege ikageuka, ikashuka tena. Ilikuwa ndogo, isiyo na pazia kwa marubani, na kutoka pale walipokaa waliiona njia yote mbele. Wingu likapasuka. Mahindi mabichi, nyasi, lami iliyolowa mvua. Kule mwisho, gari jeupe.

"Lile! Lile pale! Mama yumo mle!"

Magurudumu yalikuwa karibu kugusa. Ndipo mtu akachomoka majanini, mbio, akasimama katikati ya lami kabisa. Mkononi kitambaa cheupe, anakizungusha juu ya kichwa.

Injini ikapiga kelele. Ndege ikanyanyuka kwa nguvu hadi mtu wa nyuma akaita watakatifu wote anaowajua. Modesta akabandika uso dirishani. Chini, walinzi wawili walikuwa wanamfukuza yule mtu na virungu. Wala hakuwakimbia wao. Alikuwa anaifuata ndege, huku bado anapunga.

"Chizi!" Modesta akapiga kelele. "Kalewa asubuhi yote hii! Anataka lifti!"

Ndege nzima ikacheka.

"Wamtandike!" alisema. "Wamtandike mpaka pombe imtoke puani!"

Kisha rubani akasema. Kwamba mawingu yanafunga. Kwamba mafuta ya kuzunguka mara nyingine hayapo. Kwamba wanakwenda kutua Songwe, Mbeya, na hali ikiruhusu watarudi kesho asubuhi.

"Kesho?" Modesta akafungua mkanda, akasimama, kichwa kikagonga dari. "Kaka, kesho haiwezekani! Mama yangu yuko hapo chini! Si umeliona gari?"

"Kaa, dada. Funga mkanda. Samahani sana."

Akakaa. Mawingu yakapita dirishani, meupe, hayana haraka.

"Mungu amlaani yule mtu," alisema polepole.

"Usilaani ukiwa huku juu, mwanangu," Mama Adela alimwambia, akamshika mkono mwenyewe safari hii. "Tuko karibu naye mno."

Songwe jua lilikuwa linawaka kama vile hakuna kilichotokea. Modesta hakungoja kufika jengoni. Alisimama kwenye lami, akawasha simu, akapiga.

Adolfu akapokea. "Tumeshaambiwa. Wanamrudisha wodini. Ngoja, anataka kukusikia. Usimchoshe."

Zikasikika pumzi, fupi fupi, kama za mtu anayepanda kilima.

"Shikamoo mama!" Modesta akaipandisha sauti, akaichangamsha. "Usiogope, tunarudi! Ngoja nikuchekeshe kwanza. Kuna kichekesho huku, yaani kulikuwa na—"

"Niliisikia," mama akasema. "Niliisikia inashuka. Halafu ikaondoka."

"Ndiyo, mama. Sasa sababu yake ndiyo kichekesho chenyewe, sikiliza—"

"Baba yako hajarudi garini mpaka saa hizi. Adolfu hataki kuniambia yuko wapi." Pumzi. "Nilimvulia kitambaa changu cha kanisani, kile cheupe, ili kionekane mbali. Kasema ulimwambia wewe mwenyewe, ukiiona ipungie, itasimama." Pumzi. "Kapunga sana, mwanangu. Kwani dereva hakumwona?"

Mama Adela alikuwa anapita na mkoba wake. Alipouona uso wa Modesta, akasimama.

"Modesta? Upo? Nichekeshe basi."

"Kesho, mama," alisema Modesta. "Yote nitakusimulia kesho."