Saksofoni ya Bei Mbaya

Ukuta uligongwa tena. Ngo, ngo, ngo. Dereva aliitoa saksofoni mdomoni na kuinamisha kichwa, kama mtoto aliyekaripiwa mbele ya wageni.

Kila alipomaliza wimbo, jirani aligonga. Hakuwahi kumwona. Ukuta walikuwa nao mmoja, lakini mlango wa jirani ulitokea mtaa wa nyuma, na mtu mwenye haya haendi kupiga hodi kwa aliyemchosha. Tangu dereva afiwe na mkewe, na lori akabidhiwe mwingine, siku ilikuwa ikianza na kuisha bila mtu wa kumsemesha. Kugongewa ndiyo salamu pekee aliyoipata, nayo ilikuwa ya kumfokea.

Lawama zote aliitupia saksofoni. Ilikuwa kuukuu, aliinunua njiani enzi za lori. Vifuniko vyake viligongana kama meno ya mtu mwenye homa, pumzi zilivujia pembeni, na sauti za juu zilikwaruza. Angeacha kupiga, yaishe. Lakini akiacha, nyumba ile ingebaki na nini?

Akauza gari lake dogo, akaenda dukani na ile kuukuu kwapani.

"Hivi hizi za bei mbaya zina tofauti gani na za kawaida?" aliuliza. "Au tunalipia jina tu?"

"Nyingine ni jina tu, sikufichi," alisema muuzaji. "Lakini hii hebu ijaribu mwenyewe."

Akaijaribu. Sauti ilitoka laini, imenyooka, haina mkwaruzo wala pumzi.

Muuzaji akacheka. "Umeona, mzee wangu? Mtu hawezi kujua kama ni wewe au ni wale wa redioni."

Dereva akalipa. Ile kuukuu aliiacha hapo hapo ikatolewe vipuri.

Jioni hiyo alipiga wimbo alioupenda marehemu mkewe. Akamaliza, akasubiri. Kimya. Akapiga mwingine. Kimya. Alitabasamu peke yake, kwani pesa haikwenda bure. Jirani alikuwa ameridhika.

Wiki zikapita na ukuta haukutoa neno. Ajabu ni kwamba furaha ile haikukaa. Alijikuta akimaliza wimbo na kutega sikio, halafu akajicheka. Mtu mzima, anaona upweke kwa kukosa kufokewa.

Asubuhi moja hodi ikapigwa. Alikuwa mwanamke mmoja, mkononi ana mfuko wa dawa.

"Shikamoo, baba. Samahani kwa usumbufu. Mama yangu ndiye jirani yako, huo upande wa pili wa ukuta."

"Marahaba, mwanangu. Kuna tatizo? Sauti imezidi?"

"Hapana, baba. Nilitaka kukuuliza tu, kwa vile wewe ni mpangaji mpya. Yule aliyekuwa akikaa humu, aliyekuwa akipiga saksofoni mwenyewe, alihamia wapi?"

Dereva alishika mwimo wa mlango.

"Mama amepooza mkono mmoja," mwanamke aliendelea. "Kupiga makofi hawezi, ndiyo maana alikuwa akimgongea ukuta. Sasa amenyong'onyea kabisa. Namwambia, mama, hata huyu mpya anaweka nyimbo nzuri, mgongee basi na yeye. Ananijibu, 'Nani anaipigia redio makofi?'"