Kigae cha Hodi

Siku hizi hodi hupigwa mdomo ukiwa karibu na kigae cha mlangoni. Kina vitundu visivyoonekana kwa macho, vinavyonusa ugonjwa kwenye pumzi. Taa ikiwaka kijani, mlango unafunguka. Ikiwaka nyekundu, gari la hospitali linakuja.

Kwetu ilikuwa kijani tu, miezi minane mfululizo. Nikawaringia majirani. Kikohozi cha mume wangu Shekuwe nilikiita vumbi la mkonge la kazini kwake, tukacheka, tukalala.

Leo asubuhi fundi wa vigae, binti mmoja aitwaye Salome, alikuja kukagua. Alikibandua kigae chetu, akakinusa mwenyewe.

“Mama, unafukiza udi hapa mlangoni?”

“Kila Alhamisi. Mgeni apokewe na harufu nzuri.”

“Basi vitundu vimeziba. Miezi yote hii kigae kimenusa udi wako tu.”

Tulicheka sana. Akabandika kipya, akanywa chai, akaenda zake.

Sasa Shekuwe anapanda ngazi kutoka kazini, anaimba, anakohoa kidogo, anaimba tena.

“Hodi, mama Rukia!”

Kila siku mimi huitikia kabla hajamaliza. Leo “karibu” yangu iko mdomoni, nami naitazama taa.