Swali Kando ya Kitanda

Kitendawili! Mgeni wangu akija peke yake huniponya, akija na ukoo wake hunizika. Umeshindwa? Nipe mji basi, nikwambie: ni dawa. Ikipimwa ni uzima, ikizidi ni sanda. Na kama bado huoni la kutisha hapo, njoo nikupeleke wodini.

Swali lilikuwa limeshaulizwa kando ya kitanda kile.

"Mgonjwa huyu apewe kiasi gani cha sindano hii?"

Binti aliificha mikono mifukoni mwa koti jeupe. Upande wa pili wa kitanda alisimama baba yake, miwani puani, mgongo umenyooka. Mzee yule ndiye aliyemfundisha karibu kila mfamasia wa hospitali ile kuhesabu vidonge. Akipita ukumbini, hata madaktari humwamkia.

Sasa hospitali ilikuwa imeanzisha masomo ya juu kwa wafamasia waliokwisha kuhitimu. Watoke kwenye dirisha la dawa, waje wodini, wampimie mgonjwa dawa huku wakimtazama usoni. Sheria ya masomo yale ilikuwa moja, na haikuwa na mjomba: atakayebahatisha mbele ya mgonjwa anavuliwa koti papo hapo, wala harudi tena.

Asubuhi ile mama yake alikuwa amemvuta binti jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, baba yako hajalala. Nakuomba, leo usimwaibishe mbele za watu."

"Mama, ile ni kazi. Nitafanyaje?"

"Mambo ya kisomo chenu mimi siyajui. Ninachojua, jioni nyote wawili mtakula kwangu, meza moja."

Aliiacha chai mezani, akatoka.

Mgonjwa, mama wa makamo, alikuwa amevimba miguu hadi magotini. Mfuko wa mkojo uliotundikwa chini ya kitanda ulikuwa karibu mtupu. Binti aliutupia jicho, akaliondoa upesi. Jibu alilijua. Lilikuwa pale pale ulimini, la moto kama kaa, na hakuthubutu kulitoa.

"Jamani," mgonjwa akasema, "mbona mmenyamaza hivyo? Au nimeshakufa?"

"Ungekufa tungeshakwenda kunywa chai, mama," muuguzi akamjibu, bomba la sindano mkononi. Kisha akamnong'oneza binti: "Na wewe dada, hebu keti. Unatetemeka, utadhani sindano ni yako."

Hakuketi. Alikuwa akimtazama baba yake, naye baba akimtazama kwa macho yale yale ya zamani, ya siku alizokuwa akikosea hesabu. Mzee akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la koti. Akaivaa tena. Wafamasia wengine waliokizunguka kitanda waliinamisha vichwa. Nani anataka kuona mtu akivuliwa koti na damu yake mwenyewe?

"Mkono unachoka huu," muuguzi akasema. "Nijaze kiasi gani?"

Mzee akafungua kinywa. Binti akafumba macho. Usiseme, baba, aliomba kimoyomoyo. Usinifanyie hivi.

"Mwalimu," baba akamwambia binti yake, "sijui. Figo zake hazijapimwa, na mimi sitabahatisha."